Alama 72 kwa OPNsense: kompyuta ya zamani inayogawa intaneti hostelini kwangu

Nianze na alama, maana ndizo wanafunzi huzitazama kwanza. OPNsense, programu ya bure inayoifanya kompyuta ya kawaida kuwa rauta, nimeipa 72 kati ya 100. Kwa viwango vya kidato cha nne hiyo ni B, tena B ya juu. Nimefundisha hisabati sekondari mpaka nikastaafu na sijawahi kumpa mtoto alama kwa kumwonea huruma, kwa hiyo programu nayo isitegemee.

Nina hosteli ya vyumba 14 Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na mbele ya nyumba kuna fremu ya stesheneri. Humo mna kompyuta nne, printa, mashine ya fotokopi na binti anayechapa bila kutazama vidole. Fedha ya pale inatokana na maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa wa RITA, maombi ya Ajira Portal na ripoti za field. Vyumbani, wapangaji wengi wanasoma CIVE, ile ndaki ya kompyuta, na mwenye nyumba asiye na intaneti hawezi kuwapata wala kuwabakiza. Wote tunatumia laini moja ya faiba, megabiti 20 kushuka na 20 kupanda.

Megabiti 20 si haba. Mchana zinatosha na kubaki. Kuanzia saa mbili usiku ndipo kasheshe inapoanza: mmoja anashusha gemu, mwingine anaangalia mpira, wa tatu ana kikao cha video na wenzake wa mradi, na yule wa gemu anazimeza zote. Simu yangu inaita. "Shikamoo Mwalimu, mtandao umekata." Haujakata, umeliwa. Ukimweleza anayekuuzia intaneti, jibu lake ni moja tu: panda kifurushi. Mimi nikasema kabla ya kuzidisha, tugawanye kwanza kilichopo.

Zamani kazi ya kugawa ilifanywa na Windows yenyewe. Windows ina uwezo huo tangu toleo la pili la 98, lililotoka mwaka 1999. Unaingiza intaneti kwa waya mmoja, unaweka tiki kwenye Internet Connection Sharing, na siku hizi kompyuta itaanza kuwapa wengine anwani zinazoanza na 192.168.137. Kwa kompyuta mbili tatu za ofisi ndogo inafaa kabisa na huongezi hata senti. Ila haina mizani. Haikuonyeshi nani anatumia kiasi gani wala haina pa kumwekea mtu mpaka. Tena Microsoft wenyewe wameandika katika kurasa zao za msaada kwamba kushirikisha huko kunaweza kuacha kufanya kazi kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Mahali ambapo umeme unakwenda na kurudi, hilo peke yake linatosha kumfanya mtu atafute njia nyingine.

Kompyuta ikifanywa rauta inahitaji milango miwili ya mtandao: mmoja unatazama nje, unaitwa WAN, na mwingine unatazama ndani, unaitwa LAN. Katikati yake inafanyika kazi iitwayo NAT. Simu na laptopu zote za ndani zinapewa anwani za faragha, zile zilizotengwa kwenye waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996, ambazo hazipiti kwenye intaneti ya wazi. Kompyuta inaziwakilisha zote kwa anwani yake moja, huku ikikumbuka nani aliomba nini ili jibu likirudi lifike chumba chake. Linux yoyote inaweza kazi hiyo. Ni amri moja ya kuruhusu ip_forward na nyingine ya MASQUERADE, basi. Kijana wa chumba namba 6 alinionyesha kwenye laptopu yake, nikavutiwa kweli. Nikamwuliza, "Mwanangu, ukimaliza chuo ukarudi kwenu Kigoma, nani atanisomea mistari hii?" Akacheka. "Basi Mwalimu, tuweke yenye kurasa."

Yenye kurasa ndiyo OPNsense: ukishaiweka, unaisimamia kwa kivinjari kutoka kompyuta yoyote ya ndani, na skrini yake huihitaji tena. Ilitoka mara ya kwanza Januari 2015 ikiwa imechipuka kutoka pfSense, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ambayo nayo ilichipuka kutoka m0n0wall mwaka 2004. Kampuni inayoibeba ni Deciso ya Uholanzi, na mfumo ulio chini yake ni FreeBSD, si Linux. Manuel Kasper, aliyeanzisha m0n0wall, alipofunga mradi wake Februari 2015 aliwaelekeza watu wake waijaribu OPNsense. Ukoo huo ulinitosha. Bei yake ni bure, na si ule ubure wa siku thelathini.

Kuhusu mashine yenyewe: Dell OptiPlex 7010, ile nyembamba ya kulala, Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 120. Kompyuta za ofisi zilizotumika si shida kupatikana Dodoma mjini. Hii niliichukua kwa 280,000 baada ya kupatana. Mradi wenyewe unasema RAM ya GB 2 ndiyo ya chini kabisa na GB 8 ndiyo wanayoipendekeza, na lazima prosesa iwe ya biti 64. Kwa megabiti 20 prosesa hii haichoki hata kidogo. Grafu ya matumizi yake inalala chini usiku kucha, na ningekuwa nanunua upya ningechukua dhaifu zaidi ya hii.

Kadi ya mtandao ndiyo ya kuwa makini nayo, na maduka mengi hayatakwambia. OptiPlex 7010 ina mlango mmoja tu, wa Intel. Muuzaji akaniletea kifaa cha USB: "Mama, hiki rahisi, elfu 25, unachomeka tu." Kwa laptopu, sawa. Kwa FreeBSD inayotakiwa kukaa macho usiku na mchana, vifaa vya USB si vya kutegemewa, na chipu za Realtek nazo zina sifa ya kuleta shida huko wakati kwenye Windows hazina neno. Ninachoweza kumwambia mtu ni kutafuta Intel. Nilipata Intel Gigabit CT, yenye chipu ya 82574L, kwa 45,000. Kitu kingine cha kutazama kabla ya kulipa ni kile kibati cha kufungia kadi nyuma ya boksi. Kompyuta nyembamba inataka kibati kifupi, na kadi nyingi zimebaki na kirefu. Mwuzaji mwenye adabu atakitafuta kwenye droo yake mpaka akipate. Wangu alikipata, na kwa hilo namshukuru.

Kuipiga programu yenyewe si kugumu kuliko kupiga Windows. Unashusha faili la aina ya vga, unaliandika kwenye fleshi, unawasha kompyuta kwa fleshi hiyo. Jambo zuri ni kwamba inaamka na kufanya kazi papo hapo bila kugusa diski, kwa hiyo unaweza kuijaribu kabla hujaamua. Ukiridhika, unaingia kwa jina la installer na nywila ya opnsense, nayo inaanza kujiweka kwenye diski. Itakuuliza ZFS au UFS, yaani namna mbili za kupanga mafaili kwenye diski. Chagua ZFS. RAM inakula zaidi kuliko mwenzake, lakini inahimili vizuri zaidi umeme kukatika ghafla, na hapa kwetu hilo si swali la nadharia. Inapokuuliza mlango upi ni WAN na upi ni LAN, usibahatishe majina ya em0 na em1. Bonyeza herufi a, chomeka waya ikuambiapo, itautambua mlango yenyewe.

Hapa pana mtego ambao ungemkwamisha hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Rauta nyingi za faiba zinakuja na anwani ya 192.168.1.1. OPNsense nayo, ikizaliwa tu, inajipa 192.168.1.1 upande wa ndani. Pande mbili za kompyuta zikiwa na namba za mtaa mmoja, kompyuta haiwezi kujua kushoto ni wapi na kulia ni wapi, na hakuna kitakachopita. Ujumbe wa kosa huuoni popote. Unaona kimya tu. Dawa ni kubadilisha upande wa ndani mapema kabisa kupitia menyu ile ya skrini nyeusi, chaguo la pili. Tuliweka 10.10.0.1, na DHCP, ile huduma ya kuvipa vifaa anwani, ikagawa kuanzia 10.10.0.50. Programu iliyofikisha miaka hii yote ingeweza kukuonya kwa sauti. Nimekata alama 4.

Wi-Fi usiitegemee kutoka kwenye kompyuta hii. FreeBSD si hodari wa kadi za Wi-Fi, na hata ingekuwa, kompyuta moja iliyofichwa chini ya ngazi haiwezi kufika vyumba 14. Chukua rauta zozote za zamani ulizonazo, zima DHCP ndani yake, zipe anwani zisizogongana, halafu waya unaotoka kwenye swichi, kile kisanduku cha kugawa nyaya za mtandao, uchomeke kwenye mlango wa LAN wa rauta hiyo, si ule wa WAN. Hapo inabaki kurusha mawimbi tu, na mambo ya kugawa anwani yanaachiwa mwenye kazi. Mimi ninazo mbili, moja kila korido.

Sasa tufike kwenye swali la alama nyingi: kugawa.

Kwenye menyu ya fayawoli kuna sehemu inayoitwa Shaper. Ndani yake kuna vitu vitatu vinavyofuatana. Kwanza unatengeneza bomba, ambalo unaliandikia kasi. Pili unatengeneza foleni inayoingia kwenye bomba hilo. Tatu unaandika kanuni inayosema mizigo ipi ipite kwenye foleni ipi. Unafanya hivyo kwa kushusha, kisha unarudia kwa kupandisha. Ukilikamilisha bomba ukasahau kanuni, hakuna kinachobadilika na wala huambiwi.

Kijana alianza na mpangilio uitwao FQ-CoDel. Mzizi wake, CoDel, ulitoka mwaka 2012 kwa Kathleen Nichols na Van Jacobson, na FQ-CoDel ikapata waraka wake, RFC 8290, Januari 2018. Shida inayoitibu naijua kwa macho tangu utotoni. Kwenye foleni ya maji bombani, mwenye madumu ishirini akitangulia, mwenye kikombe cha kumezea dawa atasubiri mpaka yote yajae. FQ-CoDel inamruhusu mwenye kikombe akinge katikati ya madumu, na mwenye madumu hata hashtuki. Ujumbe wa WhatsApp, sauti ya kikao, kubofya ukurasa wa HESLB: hivyo vyote ni vikombe.

Lakini kuna sharti, na bila kulielewa utasema programu ni mbovu. Foleni lazima iundike kwako, si kwa muuza intaneti. Ndiyo maana kwenye bomba unaandika kasi iliyo chini kidogo ya ile unayolipia. Laini yangu ni 20, nimeandika 18. Ukiandika 20 kamili, mizigo inakwenda kurundikana kwenye kifaa cha mtoa huduma, ambacho hakibagui, na kanuni zako zinabaki mapambo. Mbili hizo nazilipia bila kuzitumia na sijutii. Kabla ya hapo, mtu akishusha faili kubwa, ping ya laptopu yangu, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, ilikuwa inapanda mpaka kupita milisekunde 400. Sasa hata saa tatu usiku, nyumba imejaa, haivuki 60. Kasi ya kushusha haijaongezeka, na yeyote atakayekuuzia kompyuta ya namna hii kwa maneno kwamba "inaongeza spidi" mwulize imetoka wapi hiyo nyongeza.

Kisha kijana wa namba 6 akaleta hoja ambayo kwenye mtihani ningempa zote. FQ-CoDel inagawa kwa miunganisho, si kwa watu. Programu ya kushusha inayofungua miunganisho 30 kwa mpigo inapata mafungu 30, na mwenzake anayesoma ukurasa mmoja anapata fungu moja. Mwenye madumu akija na watoto wake wote, kila mmoja na dumu lake, foleni ni ileile tena. Jibu likawa kwenye ile foleni, kitu cha pili kati ya vile vitatu, sehemu inayoitwa Mask. Kwa upande wa kushusha unaiwekea destination, kwa upande wa kupandisha unaiwekea source, na bomba lenyewe unaliachia mpangilio wake wa kawaida wa mizani. Kuanzia hapo OPNsense inatengeneza kifoleni kimoja kwa kila anwani ya ndani na kugawa sawasawa kati ya vile vyenye kazi wakati huo.

Hesabu yake ni nzuri, niruhusuni niifurahie kidogo. Wakitumia sita kwa pamoja na wote wakavuta kwa nguvu, kila mmoja anapata megabiti 3. Wakibaki wawili, kila mmoja 9. Aliye macho peke yake saa tisa usiku anachukua 18 zote, hakuna wa kumzuia. Ndicho nilichokuwa natafuta. Wengine hugawa kwa kumfungia kila mpangaji megabiti 1 saa zote, na usiku wa manane laini imelala bure huku mtoto wa watu akisubiri faili lake lishuke polepole. Huko si kugawa, ni kubana. Kwa sehemu hii peke yake ningetoa 30 kwa 30, isipokuwa jambo moja: mgawanyo ni kwa vifaa, si kwa watu. Kuna mpangaji ana simu mbili, tableti na laptopu, na kwa macho ya OPNsense huyo ni watu wanne.

Tukamshughulikia kwa vocha. OPNsense ina ukurasa wa kuingilia, ule unaojitokeza kabla hujaruhusiwa kupita, na unaweza kuutengenezea vocha zenye muda wake. Kuna mahali pa kuzuia vocha moja isitumike kwenye vifaa viwili kwa wakati mmoja. Basi kila mpangaji anapewa vocha mbili kila mwezi, ya simu na ya laptopu, zikiambatana na risiti ya kodi. Vifaa vingine atachagua mwenyewe kipi kiingie. Malalamiko yalikuwepo wiki ya kwanza, hasa kutoka kwa mwenye tableti. Nikamwonyesha hesabu ubaoni, akakubali au alichoka, sijui.

Vocha hizo zinatoka kama faili la CSV mara moja tu, pale unapozitengeneza. Nywila zake haziwekwi kwenye mashine kwa maandishi ya kusomeka, kwa hiyo ukilipoteza faili huna pa kuzitazama, unatengeneza upya. Kwa usalama ni sahihi. Kwa mwenye hosteli ni usumbufu kidogo: binti wa stesheneri anazifungua kwenye Excel, anazipanga mistari mistari, anachapa na kukata kwa mkasi. Ningependa kitufe cha kuchapa moja kwa moja. Nimekata 3.

Stesheneri nimeitenga kabisa na hosteli, na hili nalipendekeza kwa yeyote mwenye biashara na wapangaji chini ya paa moja. OptiPlex nyembamba ina nafasi mbili za kadi, kwa hiyo niliongeza Intel nyingine ya pili na kupata mlango wa tatu. Mlango mpya ukiuwasha, OPNsense haiuruhusu kupitisha chochote mpaka uandike kanuni. Ni LAN ya mwanzo tu inayozaliwa na ruhusa. Wasiojua hudhani kadi imekufa. Mimi naipenda tabia hiyo. Tukaandika kanuni ya kwanza ya kuzuia stesheneri na hosteli zisionane, na ya pili ya kuruhusu zote mbili zitoke nje. Foleni ya stesheneri nikaipa uzito mkubwa zaidi, maana dirisha la HESLB likiwa wazi mteja aliyesimama mbele ya kaunta na vyeti mkononi hawezi kuambiwa asubiri mpira uishe.

Alama nyingi zimepotea kwenye umeme. Mashine hii inavuta kama wati 30 ikiwa imetulia. Zidisha kwa saa 24, ni uniti 0.72 kwa siku, karibu 22 kwa mwezi, kwa kitu ambacho hakizimwi. Kifaa kidogo cha MikroTik, wale wa Latvia, kinafanya kazi hii kwa wati chache mno, hakina feni, hakina diski, na mafundi wanaokijua wamejaa mjini. Kina hotspot na vocha zake pia. Kama huna kompyuta, na unaanza kununua vyote sifuri, nenda kwa MikroTik, usinisikilize mimi. Mimi nimebaki na kompyuta kwa sababu mbili. Ikifa kitu, iwe RAM au pawasaplai, nakipata mjini siku hiyohiyo. Na kurasa zake za ripoti zinasomeka: naona leo chumba kipi kimeshusha kiasi gani, kwa grafu, bila kumwita mtu. Lakini alama ni alama. Umeme, kata 10.

Kuna mpangilio mmoja kwenye BIOS ya Dell, ile menyu ya kompyuta yenyewe kabla programu haijaamka, ambao ni lazima: Power Management, kisha AC Recovery, uweke Power On. Bila huo, umeme ukirudi saa kumi alfajiri kompyuta inabaki imezimwa ikikusubiri uje kuibonyeza. Nimeiwekea na UPS ya VA 650, pamoja na swichi na ile rauta ya faiba, maana kuilinda kompyuta huku kifaa cha faiba kimezimika hakumsaidii mtu. UPS inabeba zile katikakatika fupi; giza likiwa refu, wote tunalala mapema.

Vumbi nalo. Kuanzia Julai upepo wa Dodoma ukianza kazi yake, feni ya kompyuta iliyo sakafuni inajaa udongo mwekundu kabla hujageuka. Iinue juu, iweke kwenye kabati la vyuma lenye matundu, na fundi aipige blowa kila baada ya muda. MikroTik isiyo na feni ingekuwa inanicheka.

Lugha: kurasa zote nazisoma kwa Kiingereza, na kwenye orodha ya lugha Kiswahili sikukiona. Kwa mimi si kitu. Kwa binti wa stesheneri, ambaye ndiye anayebaki na mashine nikiwa safarini, ni kikwazo, kwa hiyo nimemwandikia daftari la kurasa sita: vocha zinatengenezwa hivi, mtu anaondolewa hivi, hapa usiguse. Kata 6. Zilizobaki 5 ni za menyu yenyewe, iliyojaa vyumba ambavyo mwenye hosteli hatavifungua maisha yake yote, na kile unachokitaka kimewekwa hatua tatu ndani.

Mawili ya kisheria kabla hujaanza kuwasha kila kitu unachokiona. OPNsense ina WireGuard ndani yake, aina ya VPN, yaani njia ya siri ya kuufikia mtandao wako ukiwa mbali, na inavutia kuweza kuisimamia hosteli ukiwa Kondoa. Hata hivyo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa zao za usajili, kwa hiyo pitia kwao kwanza. La pili, mashine hii inaweza kuweka kumbukumbu ya anwani zote ambazo wapangaji wanazitembelea. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mbali na sheria kuna ustaarabu. Mimi natazama kiasi, sitazami wanakokwenda. Sehemu ya kurekodi majina ya tovuti nimeizima, na karatasi iliyobandikwa koridoni inawaambia hivyo wapangaji wote.

Matoleo makubwa yanatoka mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai, na jina la toleo ni mwaka na mwezi wake. La Julai naliweka wakati wa likizo, nyumba ikiwa tupu. La Januari nasubiri wiki kadhaa mpaka marekebisho madogo ya mwanzo yatoke. Hakuna sababu ya kuwa wa kwanza. Kabla ya kubofya Update, shusha faili la mipangilio, config.xml, na uweke tiki kwenye kisanduku cha kulifunga kwa nywila. Faili hilo ndiyo rauta yako karibu yote: kompyuta hii ikiungua, unachukua nyingine yenye kadi za Intel, unapiga OPNsense, unalirudisha faili, unapanga upya milango, na kazi inaendelea; vocha za wapangaji tu ndizo unazitengeneza upya, maana hazimo kwenye faili hilo. Langu liko kwenye fleshi mbili, moja kabatini kwangu na nyingine kwa mdogo wangu Kondoa. Kwenye kompyuta za stesheneri halipo, kwa sababu pale kila anayekuja kuchapa anachomeka fleshi yake.